MBWA ASIYEKUWA NA MWENYEWE: TUMUPOKEE NAMNA GANI?

Ndugu musomaji, umekwisha kuona familia ikihama. Kamyo inasimama mbele ya parseli, vijana wanapandisha vitanda, magodoro, sufuria, mbabula na mifuko ya makala. Mama anahesabu watoto mara mbili. Kiisha kamyo inaondoka, na mbwa anaikimbilia mpaka kwenye barabara kubwa. Pale anasimama. Kesho yake asubui amerudi kulala mbele ya mulango ule ule, na wapangaji wapya wanamufukuza kwa ufagio.

Katika miji yetu ya migodi watu wanahama sana. Kazi inaisha Likasi, inaanza Kolwezi. Mwaka 2003 na 2004, wakati wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines walipoondoka kazini kwa mupango ule ulioitwa wa hiari, familia nyingi ziliacha nyumba zao. Kiisha ikaja miaka ya kobalti, na watu wakatoka pande zote kutafuta maisha hapa kwetu. Watu wamehesabiwa. Mbwa, nani aliwahesabu?

Na watoto wanaona mambo haya mbele yetu sisi wakubwa. Mutoto anaficha kipande cha bukari mukononi, anakipeleka inje. Siku ya tatu anakuja na neno: «Papa, huyu imbwa hana mwenyewe. Tumuchunge siye.» Baba anajibu: «Apana! Iko na magonjwa.» Baba hana kosa kabisa, na mutoto hana kosa vilevile. Kati ya hao wawili kuna jambo la kufikiri vizuri, kwa sababu mbwa huyo anaweza kuwa mulinzi mwema wa nyumba miaka 10, ao anaweza kuleta kifo ndani ya parseli kwa juma moja. Ndiyo maana leo tunaliandikia.

MAMA MARY NA MBWA WA LONDON

Kuna inchi ambamo mbwa wa namna hii wana nyumba yao. Ya zamani sana inayojulikana ilifunguliwa London, Uingereza, mwaka 1860. Aliyeianzisha alikuwa mama mmoja, Mary Tealby. Hakuwa tajiri. Ndugu yake, Edward Bates, alikuwa muchungaji wa kanisa, naye alimusaidia katika kazi ile. Walikusanya mbwa waliopotea na wale wenye njaa katika mutaa wa Holloway, wakawapa chakula, wakangoja wenyewe waje kuwatafuta. Kama mwenyewe hakuja, walimutafutia mbwa nyumba nyingine.

Watu waliwacheka. Magazeti yaliuliza: namna gani kujenga nyumba ya mbwa katika muji ambamo watoto wa maskini wanalala inje? Swali hili si la upuuzi, na hata leo mutu anaweza kutuuliza sisi vilevile. Lakini mwaka 1862 mwandishi mukubwa Charles Dickens aliandika maneno mazuri juu ya nyumba ile, na watu wakaanza kufungua mikono. Mama Mary alikufa mwaka 1865, kazi haijawa kubwa bado. Mwaka 1871 nyumba ilihamia Battersea, na iko pale mpaka leo. Tangu mwaka 1883 wanapokea paka pia. Mwaka 1885 Malkia Victoria mwenyewe alikubali kuwa musimamizi wake wa heshima.

Karibu na sisi, Nairobi, kuna chama cha kutunza wanyama, KSPCA, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1910. Makimbilio ya namna hii yanafanya kazi kwa utaratibu. Mbwa akiingia, wanamutazama kama ana ugonjwa, wanamuchanja, wanamuhasi asizae ovyo, wanaangalia tabia yake: je, anavumilia watoto? Anapigana na wenzake? Na mutu akija kuomba mbwa, wanamuuliza maswali: una ukuta? Nani atabaki nyumbani muchana? Utamulisha nini? Wengine wanaenda hata kutazama parseli. Mutu akikosa kujibu, anarudi mikono mitupu.

Msomaji wa Kitabu cha Hesabu sura ya 35 anajua miji ya makimbilio. Kwetu, kwa familia nyingi, kimbilio la mbwa ni parseli yako tu, na daktari, muangalizi na muuliza maswali ni wewe baba, wewe mama. Basi ile kazi yote ambayo watu wa Battersea wanaigawana, utaifanya peke yako. Hapo ndipo wengi wanajikwaa: wanapokea mbwa kwa huruma ya siku moja, na utaratibu hakuna.

«BIBLIA INACHUKIA MBWA»

Neno hili linasemwa mara nyingi katika makanisa yetu. Ni kweli, mahali pengi Maandiko yanataja mbwa kwa ubaya: anayekula mizoga, anayerudilia matapishi. Mbwa wa muji wa zamani alikuwa kama yule wa kwetu sokoni, hana mwenyewe, anaishi na takataka. Lakini soma Ayubu 30:1, utaona mbwa waliochunga kundi la Ayubu. Soma Luka 16, ule mufano wa Lazaro mulangoni pa tajiri: tajiri hakumutazama, mbwa ndio waliokuja karibu naye. Mithali 12:10 inasema juu ya mutu wa haki na mifugo yake, kwamba anajali maisha yao. Na ndugu zetu Wakatoliki wana kitabu cha Tobiti, ambamo mbwa anamufuata kijana katika safari. Mimi muchungaji, andiko la mbwa linaloniogopesha kupita yote ni Isaya 56:10, na pale mbwa bubu ni sisi walinzi wa watu.

Kuna na wengine ambao wanaogopa mbwa akilia usiku, wanasema anaona wachawi ao anaita kifo. Mbwa analia usiku kwa sababu anasikia wenzake mbali, ao ana baridi, ao amefungwa na njaa. Mbwa jike akiwa na joto, madume ya kartie nzima yatalia. Usiende kwa mulaguzi kwa jambo hilo.

UGONJWA AMBAO HAUNA MUCHEZO

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Kichaa cha mbwa, ambacho wauguzi wetu wanaita raje, kinaua watu karibu 59 000 kila mwaka katika dunia, wengi wao Afrika na Asia. Karibu wote wameumwa na mbwa. Na kati ya watu wanaoumwa na mbwa wenye kushukiwa, 40 kwa mia ni watoto wasiotimiza miaka 15. Kwa nini watoto? Kwa sababu wao ndio wanaocheza na mbwa, wao ndio wanaomutupia mawe, na wakiumwa wanaficha wasipigwe.

Nimesimama kwenye kaburi la mutoto wa miaka 8. Aliumwa kidogo tu kwenye kifundo cha muguu, hakusema neno nyumbani. Kidonda kilipona. Karibu miezi miwili ikapita. Siku moja alishindwa kumeza maji, akashituka kila alipoona kikombe, na wazazi wakaitika watu wa maombi kwa sababu walizani ni pepo. Tuliomba. Lakini dalili zikisha kutokea, ugonjwa huu karibu hauna mutu anayepona, hata katika hospitali kubwa za Ulaya. Dawa inasaidia mbele ya dalili, si kiisha.

Kwa hiyo, mama, shika hii na uwafundishe watoto leo jioni: mbwa akikuuma, ao akikukwaruza, ao akilamba kidonda chako, sema mara moja. Hakuna kupigwa. Kiisha osha mahali pale kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kamili. Tazama saa, kwa sababu dakika 15 ni ndefu kuliko unavyofikiri. Maji ya robine, maji ya kisima, yote ni mazuri, lakini yawe yanatiririka. Sabuni inaua vijidudu vya ugonjwa pale pale kwenye kidonda. Usitie mafuta ya gari, usitie majivu, wala pilipili, wala manyoya ya mbwa yule yaliyochomwa. Usikifunge kwa nguvu. Toka hapo, uende hospitali siku ile ile, uulize chanjo ya raje. Santre ya afya ya kartie ikikosa, uliza wakutume pahali inapatikana. Wazee wanaogopa kwa sababu walisikia habari za sindano nyingi za tumboni. Hizo ni za zamani. Siku hizi ni chache, zinadungwa kwenye mukono, kwa siku ambazo daktari anakupangia. Usiache katikati kwa sababu kidonda kimekauka.

Dawa hii si ya jana. Tarehe 6 mwezi wa 7 mwaka 1885, Paris, Louis Pasteur alimupokea Joseph Meister, mutoto wa miaka 9 kutoka Alsace, aliyekuwa ameumwa vibaya na mbwa wa kichaa. Alipewa sindano 13 kwa siku chache, akapona, akaishi mpaka kuwa mutu muzima. Tangu hapo mutu kufa kwa raje ni jambo ambalo linaweza kuzuiwa. Linauma roho zaidi kwa sababu hiyo.

Na mbwa aliyeuma? Vijana wa avenyu watakuja na fimbo kumuua. Kama mbwa ni wa mutu na anaweza kufungwa bila hatari, afungwe, aangaliwe siku 10. Akibaki muzima siku hizo zote, basi wakati alipouma hakuwa na vijidudu katika mate. Lakini wewe usingoje siku 10 ndipo uende hospitali: sindano zinaanza mara moja, na daktari atakuambia kama zitasimamishwa. Mbwa wa inje mwenye kutoa mate mengi, mudomo umeanguka, anayumba, anauma hata miti na mawe, huyo usimukaribie. Vilevile ogopa mbwa mukali ambaye gafula amekuwa mupole kupita kiasi, maana raje inageuza tabia.

MBELE YA KUSEMA NDIYO

Umeelewa sasa kwa nini baba anasema hapana. Lakini sikiliza mama mmoja wa kanisa letu alivyofanya. Mutoto wake alilia kwa ajili ya mbwa wa majirani waliohama. Mama hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema: «Muda wa juma mbili, utamulishia inje ya lango. Nitaona kama utaamuka.» Mutoto aliamuka. Ndipo mama akapiga simu kwa wale majirani kuuliza kama kweli wamemuacha, na kama alichanjwa. Ni hekima kubwa ile. Mbwa anayeonekana kuwa hana mwenyewe, mara nyingine iko naye, amefungua tu lango usiku. Ukimufunga kwako, kesho kutakuwa maneno, na pengine polisi.

Zile juma mbili zinakusaidia pia kuangalia. Mbwa anakula vizuri? Anatembea sawa? Anakimbia mutoto akipita, ao anakunja mukia, ao anatikisa? Mbwa mwenye woga si mubaya, lakini nyumba yenye mutoto mudogo anayetambaa si yake.

Kiisha kaeni pamoja, baba, mama na watoto, muhesabu. Mbwa mukubwa wa kwetu atakula bukari na mabaki, lakini bukari peke yake haitoshi: anahitaji ndakala, ao vichwa vya samaki, ao ngozi na matumbo kutoka kwa muchinjaji, vimepikwa. Maji safi kila siku. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimupe, inapasuka kama sindano na kutoboa matumbo. Kuna feza ya chanjo, inayorudiliwa kama veterineri atakavyoandika kwenye kitabu chake. Kuna feza ya dawa ya minyoo, maana minyoo ya mbwa inaingia watoto wanaochezea udongo. Kama feza hiyo haipo, sema wazi, mutoto ataelewa.

Lubumbashi, chuo kikuu, Unilu, kina fakulte ya kufundisha waganga wa wanyama, na wengi waliotoka pale wanafanya kazi katika miji yetu. Tafuta mumoja. Muonyeshe mbwa mbele ya kumuruhusu acheze na watoto. Lakini ujue: chanjo inamulinda mbwa ambaye hajaambukizwa. Ikiwa aliumwa jana na mbwa wa kichaa, chanjo ya leo haiwezi kuahidi kitu. Kwa hiyo wakati wa kwanza, mukubwa mumoja tu amushike, na watoto wamuone kwa mbali.

Neno moja kwa ninyi mulio Kolwezi na kandokando. Kasulo, tangu mwaka 2014, watu walichimba kobalti hata chini ya nyumba zao. Wachunguzi wa Unilu pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha mwaka 2018 kwamba watoto wa pale walikuwa na kobalti nyingi katika mikojo yao kuliko watoto wa kartie ya jirani, na vumbi ndiyo iliyosingiziwa zaidi. Mbwa analala pahali anapotaka. Kama kuna mifuko ya madini katika parseli yako, atalala juu yake, na jioni mutoto atamukumbatia. Mufunge mbali na mifuko, umuoshe, na watoto wanawe mikono mbele ya kula. Asinywe maji yanayotoka kwenye usafishaji wa madini.

SIKU ZA KWANZA

Watu wa makimbilio ya mbwa wana namna ya kuhesabu: siku 3, majuma 3, miezi 3. Siku 3 za kwanza mbwa hajui yuko wapi. Atajificha, atakataa chakula, pengine atanguruma. Usimulazimishe. Mupe pembe moja yenye kivuli, gunia la kulalia, maji, basi. Majuma 3, anaanza kujua saa ya chakula na sauti za nyumba. Miezi 3, anajua kwamba hapa ndipo kwake, na hapo ndipo utaona tabia yake ya kweli, nzuri ao mbaya. Wengi wanamufukuza katika juma la pili wakisema «huyu imbwa hana akili». Bado hajafika!

Watoto washike mambo matatu hivi. Mbwa akikula, hakuna kumugusa. Akilala, hakuna kumushitua. Akija mwenyewe, mumupapase ubavuni, si juu ya kichwa kama nyundo.

Kuna baba ambaye anataka mbwa mukali juu ya wezi, basi anamufunga mnyororo mufupi muchana na usiku, anamunyima chakula, anamupiga. Huyo hatalinda nyumba. Atauma mutoto wa jirani anayekuja kuomba chumvi, na siku ya mwizi atanyamaza kwa nyama iliyotiwa sumu. Mbwa anayejua watu wa nyumba yake anabweka kwa mutu mugeni bila kufundishwa. Hiyo inatosha, na santineli ataamuka.

Kama ni jike, fikiri mbele. Anachukua mimba miezi miwili tu, na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Vitoto vile nani atavipokea? Mara nyingi vinafungwa ndani ya mufuko na kutupwa mutoni, na anayetumwa kufanya kazi hiyo ni kijana wa nyumba. Usimutume. Uliza veterineri juu ya kuhasi.

VIJANA WA KANISA

Ninyi wa kwaya na wa shule ya Yenga mnauliza mara nyingi kazi gani mufanye. Wenye elimu wanasema kwamba mbwa 70 kwa mia wakichanjwa pahali fulani, raje inakosa njia ya kupita. Hiyo si kazi ya daktari peke yake. Tarehe 28 mwezi wa 9, siku ambayo Pasteur alikufa mwaka 1895, ni siku ya dunia nzima juu ya raje, tangu mwaka 2007. Wiki moja mbele, piteni avenyu kwa avenyu, muandike ni parseli gani iko na mbwa. Muchungaji wenu aongee na veterineri, apatane bei ya watu wengi pamoja, kiisha tangazo lisomwe kanisani siku ya Yenga. Mbwa waletwe na kamba, kila mumoja na mukubwa wake, wasikutane karibu. Na muwe na ndoo ya maji na kipande cha sabuni pale pale.

Tena musione haya kwa mbwa wa kwetu kwamba si wa Ulaya. Mwaka 1937 Waingereza walionyesha mbwa wa Congo katika maonyesho yao makubwa ya Crufts, watu wakajaa kumutazama kwa sababu habweki kama wengine. Wakamuita Basenji. Unasikia jina hilo? Ni neno lile lile ambalo wakoloni walitumia kwa babu zetu wa vijijini. Leo watu wa Marekani na Ulaya wanamununua kwa feza nyingi.

Na juu ya jina: watu wa kwetu wanapenda kumupa mbwa jina la kumutupia jirani maneno, Watasema, Wivu, Mutachoka. Kila jioni unaita mbwa wako kwa sauti, jirani anasikia, na vita inaanza juu ya ukuta. Wacha hiyo. Mbwa uliyemupokea alikuwa na jina mbele yako. Uliza watoto wa avenyu, wao wanalijua. Liite polepole ukiwa na bakuli mukononi, utaona masikio yake.